Tenti tupu zisitufungie mlima

Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako niongee kuhusu hii tabia ya kushikiana nafasi kwa kambi za mlimani, maanake imezidi na sioni mtu akiisema.

Kwa mbuga zetu kuna kambi za aina mbili. Kuna zile spesheli, hizo unabuku mapema na zinakuwa zako na kikundi chako pekee. Halafu kuna za umma, hizi hakuna kubuku, unalipa kiingilio na pesa ya kulala kwa eCitizen, ile tovuti ya malipo ya serikali, unapita getini, ukiona pahali pako wazi unapiga tenti, aliyetangulia ndiye mwenye nafasi. Hizi za umma ndizo zetu sisi wa kazi za shifti, ofu tunaambiwa Alhamisi jioni, sasa utabuku nini mwezi mzima mbele na hujui hata Jumamosi utakuwa wapi? Na Mlima Kenya wenyewe hautaki kupangiwa sana, unaamka mweupe pe bila wingu, kufika saa nane mchana ni mvua na ukungu. Watu wa huku wanangoja kiangazi, Januari na Februari ama Julai kwenda Septemba, ukiona kilele cha Batian kiko wazi kutoka Nanyuki siku mbili tatu hivi unaambia wenzako twende.

Ndivyo tulifanya juzi. Ijumaa usiku mtu akauliza kwa grupu ya WhatsApp nani hana shughuli, asubuhi tukapanda matatu ya Nanyuki na tenti, jiko la gesi na blanketi, mboga tukanunulia huko sokoni, tukachukua matatu ingine ya kuelekea Timau, tukashuka barabarani tukamalizia na boda mpaka geti la Sirimon. Hapo ni karibu mita 2,650 na baridi yake si mchezo, lakini ni pahali pazuri sana pa kulala usiku wa kwanza, mwili uzoee hewa kabla hujapanda kambi ya Old Moses kwa mita 3,300, kwa sababu ukikimbilia juu siku hiyo hiyo kichwa kitakugonga na utapike.

Kufika tunapata nyasi yote ya tambarare imejaa tenti za rangi moja na ndani hakuna mtu, si kiatu si sufuria si begi. Kuna kijana amewekwa kuzilinda, anasema ni za wageni wa kampuni fulani ya utalii wanakuja kesho. Kesho! Kijana simlaumu, ametumwa, na yeye ndiye alitusaidia kupata kipande kwa mteremko katikati ya mawe tukalala tukiteleza usiku kucha. Iliyoniuma zaidi ni familia moja iliyokuja nyuma yetu, wazazi na watoto wadogo, mara yao ya kwanza mlimani, watoto wameshavaa kofia za sufu tayari. Baba akaongea na huyo kijana kidogo, akazunguka akitafuta, hakuna pahali pa kulaza watoto, wakarudi kwa gari wakaenda. Na giza lilikuwa linaingia, na huu msitu una ndovu na nyati.

Hiyo familia ililipa kama mtu mwingine yeyote. Kampuni yenye kikundi kikubwa na tarehe inazozijua mapema ina kambi spesheli ya kubuku, iende huko, mbona ije kubukia kwa nguvu mahali ambapo hakuna kubuku?

Dawa yake si ngumu. Marekani kwa misitu yao ya taifa kuna sheria kwamba ukishaweka vifaa vyako kwa kambi lazima angalau mtu mmoja alale hapo usiku ule wa kwanza, huwezi kuacha tenti ikulindie nafasi. Naomba KWS, shirika la wanyamapori linalosimamia mbuga, wabandike sheria kama hiyo kwa kila geti la mlima, na renja akipita kabla geti lifungwe saa kumi na mbili jioni aulize risiti za watu wanaolala usiku huo, azilinganishe na tenti zilizosimama. Tenti isiyo na risiti ya leo ikunjwe iwekwe kando, na mwenyewe akija kesho atafute pahali kama sisi wengine.

Msomaji wako,
Nairobi