Shukrani kwa aliyetuandalia mabeseni ya michezo

Wewe uliyewaandalia watoto wetu wa chekechea mabeseni yenye mchele wa kuchezea michezo ya kuigiza, asante sana. Mchele uliujaza theluthi moja tu ya beseni. Ukizidi hapo, mtoto akizamisha mikono unamwagika sakafuni. Na lile shuka chini! Unakunja pembe nne, mchele wote unarudi.

Rangi nayo uliipatia: kikombe kimoja cha mchele, kijiko kimoja cha chai cha siki, matone machache ya rangi ya chakula. Unatikisa kwenye kopo lenye kifuniko, kisha unatandaza hadi ukauke kabisa, maana ukifungiwa na unyevu huota ukungu.

Kilichotufurahisha zaidi ni uchache wa vifaa: vikombe viwili, vijiko viwili, wanyama watatu wa plastiki. Vikiwa vingi, watoto huchakura tu, hawaigizi. Vikombe na vijiko viwili viwili, kwa sababu kusubiri zamu ni kazi ngumu kwa mtoto wa miaka mitatu.

Asante pia kwa kukataa zile shanga zinazovimba kwenye maji. Mtoto akizimeza, zinaweza kuziba utumbo.