Shakespeare hakuwa peke yake

Shoga yangu mpenzi,

Salaam nyingi. Sisi huku hatujambo, watoto wazima, alhamdulillahi. Barua yako nimeipata, na pale uliposema kuwa Uingereza ya zamani ilikuwa na mwandishi mmoja tu wa tamthilia, Shakespeare, wengine wote wafuasi wake, niruhusu nikubishie. Yupo mmoja ambaye Shakespeare mwenyewe alijifunza kwake, naye ni Christopher Marlowe.

Walizaliwa mwaka mmoja, 1564, Marlowe akitangulia kwa miezi miwili hivi. Baba yake alikuwa fundi viatu mjini Canterbury. Mtoto akasoma kwa ufadhili hadi Cambridge. Mwaka 1587 chuo kilisita kumpa shahada ya uzamili, kwa uvumi kwamba anataka kukimbilia kwa Wakatoliki Ufaransa. Baraza la Malkia Elizabeth likaingilia kati, likaandika kwamba kijana huyu ameitumikia nchi vyema. Kazi gani, hawakutaja, na ndiyo maana wengi wanaamini alikuwa mpelelezi. Shahada akapewa.

Akaenda London, na miaka sita iliyofuata ndiyo maisha yake yote ya uandishi. Alianza kutikisa majukwaa kwa tamthilia ya Tamburlaine, mchungaji anayeinuka mpaka kuteka falme. Wewe mtu wa vina utakunja uso, maana mistari yake ina mizani kumi na haina vina. Hakuwa wa kwanza kuandika hivyo, lakini kwake mstari ulipata nguvu ambayo jukwaa la Waingereza halikuwa limeisikia, na mwigizaji Edward Alleyn akapata maneno ya kuijaza sauti yake.

Ila ninachotaka ukisome hasa ni mwisho wa tamthilia yake nyingine, Doctor Faustus. Msomi huyu ameiuza roho yake kwa miaka 24 ya uwezo na anasa. Saa inagonga tano usiku. Ikigonga sita, shetani anakuja kuchukua chake. Yuko peke yake. Anaziamuru nyota zisimame, analisihi jua lichomoze tena, kisha ghafla anasema kwa Kilatini: kimbieni polepole, enyi farasi wa usiku. Mstari huo ni wa Ovid, mshairi wa Roma, na kule unasemwa na mpenzi aliyelala na kipenzi chake, hataki kupambazuke. Marlowe alikuwa amezitafsiri tenzi zile za mapenzi. Akauchukua mstari wa raha akamtia mdomoni mtu anayekwenda motoni! Kila nikifika hapo mwili unanisisimka. Nusu saa inagonga, kisha sita, na ahadi ya mwisho ya msomi huyu ni kwamba atavichoma vitabu vyake. Na mwaka 1599 maaskofu waliamuru tafsiri zile za Ovid zichomwe.

Watu wanapenda zaidi kusimulia kifo chake. Mei 30, 1593, huko Deptford, karibu na London, nyumbani kwa mjane Eleanor Bull, alishinda na wanaume watatu, mmoja wao, Robert Poley, wakala wa serikali. Taarifa ya uchunguzi inasema waligombania malipo ya chakula, mwingine wao, Ingram Frizer, akamchoma kisu juu ya jicho la kulia. Frizer alisamehewa hata mwezi haujaisha. Mimi siamini kwamba ulikuwa ugomvi wa pesa tu, kwa sababu siku zile Marlowe alikuwa ameamriwa kuripoti kila siku mbele ya Baraza. Lakini kinachoniuma ni umri: miaka 29. Shakespeare naye alikuwa na 29 siku hiyo, na Hamlet, Othello na Macbeth alikuwa bado hajaziandika. Ukiwalinganisha, walinganishe hapo.

Nimeanza kuitafsiri hotuba ile ya Faustus. Nakutumia kurasa mbili. Mpe yule kijana wa kikundi chenu mwenye sauti nzito aisome mbele ya wenzake, kisha niandikie ni wapi ulimi unamkwama.

Nisalimie mama na wote hapo nyumbani.

Ni mimi shoga yako