Yah: Alteneta isiyochaji na dharau niliyofanyiwa na fundi wenu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ninawaandikia kwa heshima, ingawa heshima hiyo mimi sikuipata kwenu. Alteneta mliyonifungia, yaani kile kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka, ambayo masharti ya dhamana yake mnayajua kuliko mimi, haikuwa ikichaji. Geji ya volti iliyomo kwenye dashibodi yangu ilisoma 12.2 injini ikiunguruma, na nilipowasha taa na feni ikashuka hadi 11.9, ilhali alteneta nzima huipandisha hadi 13.8 au 14.4.

Nilirudi siku ileile kumweleza fundi wenu. Mbele ya wateja wengine alicheka, akagonga kioo cha geji kwa kidole na kusema, "Mama, hili ni pambo, ling'oe tu." Alidai kwamba taa ya betri haiwaki, kwa hiyo hakuna tatizo, wala hakushika mita ya kupimia.

Gari lilinizimikia usiku katika mlima Kitonga, taa zikiwa zimefifia na malori ya Tunduma yakipanda nyuma yangu. Fundi wa Iringa alipoifungua alteneta alikuta brashi za kaboni, zile zinazopitisha umeme ndani yake, zimelika zote, nanyi mliniuzia kama mpya. Hata kabla sijalipa niliomba ipimwe, nikajibiwa kwamba kuna foleni.

Narudia, kwa sababu jambo hili limeniuma kuliko hasara yenyewe: nilisimama na risiti mkononi, namba ya geji inasomeka wazi, na mtu mliyemwajiri akacheka, akagonga kioo, akaniambia ning'oe chombo pekee kilichokuwa kinasema kweli. Taa ya betri aliyoitegemea haikuwaka hata nilipofungua swichi kabla ya kuwasha injini, wakati ambapo taa nzima lazima iwake, na hiyo pekee ilitosha kumshtua fundi yeyote wa umeme wa magari.

Awali nilikusudia kudai alteneta nyingine tu. Sasa nataka fedha zangu zote, gharama ya kuvutwa hadi Iringa, betri mpya badala ya hii iliyokufa kwa kuishiwa chaji, na barua ya kuomba radhi iliyotiwa saini na fundi huyo mwenyewe. Msiponijibu ndani ya siku 14, nitapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani, na wakili wangu atadai fidia mahakamani. Alteneta yenu ninayo, brashi zake ninazo, na picha za geji ninazo.

Mteja wenu