Wazazi, ulizeni mtindo kabla ya kuleta kitambaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeandika kwamba michezo ya kupigana iliyotoka Korea yote ni mamoja, eti imepishana majina tu, na kwamba mzazi ampeleke mtoto klabu yoyote iliyo karibu na nyumbani. Mie si mwalimu wa mchezo wowote. Ni fundi cherehani hapa Mikunguni, na sare za vijana hawa napokea mpya za kushona na kuukuu za kutia viraka. Hizo za viraka ndizo zilizonifunza.

Suruali ya taekwondo huchanika baina ya mapaja. Kijana anarusha mguu mpaka usawa wa kichwa cha mwenzake, anageuka, anarusha mwengine. Kama fundi hakutia kipande cha pembe nne pale kati, mshono haumalizi Ramadhani. Koti lake huchakaa kwa jua na sabuni tu. Sare ya hapkido ni kinyume chake: suruali nzima, koti ndilo limeng'oka bega na kola imelegea. Hapkido ni kushikana. Unamdaka mwenzako kifundo cha mkono, unakisokota, unamlaza chini. Kwa hiyo koti lake linataka kitambaa kizito, mara nyingi kilichopigwa mishono ya mshazari inayopishana, kinachokaribia koti la judo tulilolizoea hapa Unguja. Ukimvalisha mtoto wa hapkido koti jepesi la taekwondo, usinilaumu akirudi na mkono mmoja wa koti.

Sasa hilo la kuwa ni kitu kimoja. Korea ilitawaliwa na Japani tangu 1910 hadi 1945, na Wakorea kadhaa waliosoma Japani walirudi kwao na karate. Lee Won Kuk, aliyefungua chuo cha Chung Do Kwan mjini Seoul mwaka 1944, alikuwa amejifunza Shotokan, mtindo mmoja wa karate. Mwaka uliofuata Hwang Kee akaanzisha Moo Duk Kwan, na huko ndiko ilikotoka tang soo do, mtindo wa tatu. Vyuo vya namna hiyo vilikuwa vingi, kila kimoja na mkubwa wake. Jina la taekwondo lilipitishwa 1955, akilisukuma Jenerali Choi Hong Hi ambaye naye alitoka kwenye Shotokan, na hatimaye vyuo vikavutwa vikae chini ya jina hilo. Hwang Kee alikataa. Baadhi ya wanafunzi wake wakamwacha wakaingia taekwondo, yeye akabaki na yake mpaka alipofariki 2002.

Hapkido haimo kabisa katika mlango huo. Imetoka kwa Choi Yong-sool, Choi mwengine, msimchanganye na Jenerali. Huyu alirudi kutoka Japani baada ya vita akafundisha mji wa Daegu, na mafundisho yake huhusishwa na Daito-ryu, mtindo wa Kijapani wa kushikana, ule ule alioujifunza Ueshiba Morihei kabla ya kuasisi mchezo wa aikido. Wakorea wakaongeza mateke yao. Kwa hiyo mwenye hapkido na mwenye taekwondo wote hupiga teke, lakini kwa ukoo hapkido iko karibu zaidi na aikido.

Na taekwondo yenyewe ni mbili. Hapa ndipo wazazi wengi wanapoliwa pesa zao. Jenerali Choi aliunda shirikisho la ITF mwaka 1966, kisha akakosana na serikali ya Korea Kusini akahamia Kanada 1972. Mwaka 1973 Seoul ikaunda shirikisho lake, ambalo leo linaitwa World Taekwondo. Hili la pili ndilo la Olimpiki: lilionyeshwa tu Seoul 1988 na Barcelona 1992, likapewa medali kamili Sydney 2000. Choi akaipeleka taekwondo yake Korea Kaskazini, na alifia Pyongyang. Ukiniuliza mie, kilichowatenga ni siasa kabla ya kuwa mateke. Hapa mjini tunavijua vikundi vya Ikhwan Safaa na Culture: taarab ile ile, fidla na kanuni ya nyuzi zile zile, lakini mwanachama wa huku haendi kule akajiita wa kule.

Siasa ikishatenga watu, kanuni nazo hufuata. Kwenye World Taekwondo mtoto huvaa kinga ya kifua, na katika mashindano makubwa huwa ya umeme inayohesabu pointi yenyewe. Ngumi ya kifua ni pointi 1, teke la kifua 2, la kichwa 3, na teke la kuzunguka huongezewa. Ngumi ya uso ni marufuku. Matokeo yake mikono hushuka na miguu ndiyo hufanya kazi yote. Waliomtazama Cheick Cissé wa Côte d'Ivoire Rio 2016 wanakumbuka: alikuwa nyuma, imebaki sekunde moja, akazungusha mguu ukamfika Mwingereza kichwani, akatwaa dhahabu. Kwenye ITF wanavaa glovu na ngumi ya uso inaruhusiwa, kwa kipimo. Mtoto aliyezoea huko akienda kupambana kwenye World Taekwondo atakatwa pointi kwa jambo alilopigiwa makofi wiki iliyopita.

Hata mazoezi ya kupiga peke yako kwa mpangilio hayalingani. ITF wanayo 24, ambayo Choi aliyafananisha na saa za siku moja. World Taekwondo huanza na manane ya taegeuk kabla ya mkanda mweusi. Tang soo do wanatumia pyung ahn, ambayo ni pinan ya karate ya Okinawa, Japani. Kijana wa karate akiyaona atayatambua papo hapo, kwa sababu ya kwao ni yale yale, kwa jina la pinan au heian.

Kwa fundi kola inatosha kunieleza. Koti la World Taekwondo halifunguki mbele, huvaliwa kwa kupitishwa kichwani, na kola ni ya pembe tatu, nyeusi kwa mwenye mkanda mweusi. La ITF hufunguka mbele, na mwenye mkanda mweusi hutiwa utepe mweusi kwenye upindo wa chini. Tang soo do ya Moo Duk Kwan kola na upindo hutiwa rangi ya daraja. Mama mmoja aliniletea mkanda wa buluu iliyokoza, anataka nimtengenezee mweusi wa kificho, amekasirika kwamba klabu imembania mwanawe. Bi mkubwa, huo wa buluu ndio wa juu! Hwang Kee aliona weusi ni rangi iliyokwisha, haipokei nyengine, na yeye hakutaka mwanafunzi wake ajione amefika.

Wasichana nao wasiachwe. Hedaya Malak wa Misri na Kimia Alizadeh wa Iran walipata medali za shaba Rio wakiwa na hijabu chini ya kofia ya kinga. Namshonea kila binti anayeitaka, ya kitambaa cha kunyumbuka, bila pini.

Kilichonifanya nishike kalamu ni jirani yangu aliyehamia kutoka Wete. Mwanawe alikuwa na mkanda wa kijani. Klabu aliyokwenda hapa ikamwambia aanze mweupe, na sare aliyonayo haifai. Mtoto alilia, na baba yake aliwatukana kwa kuwaona matapeli. Mie siwaoni matapeli. Nawaona wavivu wa kueleza. Siku ya kwanza tu mwalimu aseme ni mtindo gani, shirikisho gani, na daraja lake linatambuliwa wapi. Anayeota Olimpiki hana njia nyengine ila World Taekwondo. Anayetaka kujinasua akishikwa mkono njiani, hapkido itamfaa upesi zaidi. Mtoto mtulivu anayependa mpangilio, tang soo do ningempeleka bila kusita.

Nawe Mhariri, waandishi wako wa michezo wakileta matokeo ya vijana wetu, watuambie walipambana kwa kanuni za nani.

Kwa wateja wangu: njooni na karatasi ya klabu iliyoandikwa aina ya koti na rangi ya kola. Kitambaa kikishakatwa, pesa hairudi.

Bi Zuwena,
Fundi cherehani,
Mikunguni, Unguja