Barua kwa binti yangu wa Kikuubo

Bombo, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Maneno yako ya juzi kwenye simu yamenikaa moyoni. Ulisema mbio mbio, kama kawaida yako, kwamba kliniki wamekupima presha wakakuta iko juu, 150 kwa 95, kwamba kichwa kinakugonga kila jioni, na usiku unakodoa macho mpaka adhana ya alfajiri. Halafu ukasema mwenzako wa dukani amekualika yoga, yale mazoezi ya viungo na pumzi, ukamjibu hayo ni mambo ya wazungu wenye nafasi. Nimeona simu haitoshi, nikae nikuandikie.

Kwanza vidonge vya presha. Usiviache hata siku moja bila ruhusa ya daktari, hata ukijisikia mzima. Presha haina kelele, na hayo yote nitakayokueleza hapa yanakwenda pamoja na dawa, hayachukui nafasi yake.

Sasa hiyo yoga. Si ya wazungu. Ni ya Wahindi, tena ya tangu kale na kale, na Wahindi tumekaa nao tangu reli ya Mombasa ilipojengwa, kati ya 1896 na 1901. Amin aliwafukuza mwaka 1972, wengine wakarudi baadaye, na chapati na sambusa zao tulikuwa tumeshazifanya zetu siku nyingi. Leo dunia nzima inaijua yoga. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliitengea siku yake, tarehe 21 Juni.

Najua pia linalokukwaza zaidi, ingawa hukulisema: dini. Hilo si swali dogo na sitaki ulipuuze. Wenzetu Waislamu wa Asia wamelizungumza kabla yetu. Mwaka 2008 baraza la fatwa la Malaysia lilikataza yoga, na mwaka uliofuata maulamaa wa Indonesia wakapambanua: yenye mantra, yale maneno ya ibada yanayorudiwarudiwa, na ibada za Kihindu haifai kwa Mwislamu, ila ikiwa ni mazoezi ya mwili tu, haina ubaya. Mimi nimeshika hilo la pili. Wakiimba, wewe nyamaza, pumua zako. Na ule mkao wanaouita wa mtoto, magoti chini na paji la uso chini, mwili wako unaujua tangu ulipofundishwa kusali.

Mimi nilifundishwa na mtaalamu wa viungo, wakati mgongo uliponigomea kwa kuinamia ukindu miaka yote hii. Hakunifichia kitu. Alinieleza kila mkao ni wa nini, nami nikauliza mpaka akachoka, na hayo ndiyo ninayokupa.

Mwenyezi Mungu ametuumba na njia ya kukimbia hatari. Boda boda ikikukosakosa barabarani pale Bwaise, tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo zinamwaga homoni ya adrenalini, moyo unakwenda mbio, mishipa inabana, presha inapanda. Hatari ikipita, mwili unarudi mahali pake. Kwako wewe, mwanangu, ile boda boda haipiti. Bosi anapiga saa nne usiku kuuliza hesabu za kodi. Mkopo wa sako unakatwa kabla hujaushika mshahara. Karo ya mdogo wako umejitwika, mama mwenye nyumba anagonga. Mwili unayasoma yote hayo kuwa hatari ile ile, na kotisoli, homoni nyingine ya tezi hizo hizo, inakaa juu kutwa. Ndiyo maana usingizi unakimbia, tumbo linaungua na shingo imekaza.

Moyo huwezi kuuamrisha upunguze mwendo. Tumbo halikusikii. Pumzi ndiyo inayokusikia. Kuna mshipa wa fahamu unaitwa vagasi, unatoka kwenye ubongo, unashuka shingoni, unafika kwenye moyo, mapafu na tumbo. Ukitoa pumzi polepole, mshipa huo unautuliza moyo. Weka vidole viwili hapo chini ya kidole gumba, penye mapigo, uone mwenyewe: ukivuta pumzi mapigo yanaharakisha kidogo, ukiitoa yanapoa. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika. Wanaofanya yoga hujizoeza kushuka mpaka mara 6 hivi.

Fanya hivi leo usiku. Simu iache chumba kingine, namaanisha. Tandika ule mkeka niliokusukia, lala chali, miguu kuanzia kwenye magoti uiweke juu ya kitanda, khanga iliyokunjwa chini ya kichwa. Mkono mmoja tumboni. Vuta kwa pua ukihesabu nne, tumbo liinue mkono, kifua kiache. Toa kwa pua hiyo hiyo ukihesabu sita, bila kusukuma. Ukisikia kizunguzungu, rudi kwenye pumzi yako ya kawaida. Na uangalie taya. Tangu mdogo ukiwa na hofu unauma meno. Yaachanishe, ulimi ulale. Mawazo ya bosi yatakuja. Yakija usigombane nayo, rudi kwenye kuhesabu. Siku za mwanzo utaona hakuna kitu. Endelea.

Kwenye darasa watafanya mengi zaidi. Ule wa paka na ng'ombe, mikono na magoti chini, mgongo ukipanda na kushuka pamoja na pumzi, utaupenda kwa shingo yako. Lakini mwambie mwalimu kabla hajaanza: nina presha. Kusimama kwa kichwa, kubana pumzi, zile pumzi za haraka haraka za tumbo, zote hizo si zako. Mwalimu akikucheka, toka nje.

Wako wanaosema yoga inaponya kila ugonjwa, mpaka saratani. Hao usiwasikilize. Tafiti zinaonyesha inashusha presha kwa pointi chache na kupunguza wasiwasi. Kwa maumivu sugu ya mgongo, American College of Physicians, chama kikubwa cha madaktari kule Marekani, mwaka 2017 kiliitaja miongoni mwa njia za kujaribu kabla ya dawa. Mimi hayo yananitosha, na nimeyaona kwenye mgongo wangu.

Ila haitakulipia mkopo wala kumzuia bosi. Hapo panataka maneno. Mwambie wazi kwamba baada ya saa mbili usiku hupokei simu za kazi. Karo ya mdogo wako tutaigawana na mjomba, nimeshazungumza naye. Na kama huzuni itakaa juu yako hata baada ya usingizi kurudi, tutakwenda wote Butabika, hospitali ya afya ya akili. Watu wanapaogopa bure. Kuna wataalamu wa kusikiliza pale, na hakuna aibu kwangu wala kwako.

Jumamosi nitapanda taksi ya asubuhi. Mwambie mwenzako anitafutie nafasi na mimi, tuingie darasani pamoja. Kila asubuhi pima presha uandike kwenye daftari, nitaiomba nikifika.

Mama yako