Kwa nini hatuondoi DPF (chujio la masizi) ya gari lako

Karibu kila wiki gari la dizeli huingia gereji yetu hapa Changamwe, Mombasa, likiwa na taa ya injini inayowaka na halina nguvu, na mwenyewe ashaamua: "Fundi, itoe tu hiyo DPF." Tunakataa. Wengine huondoka wamekasirika, kwa hiyo ni haki yenu kujua sababu, na pia kujua inawagharimu nini.

DPF ni chujio lililo ndani ya njia ya ekzosi. Hunasa masizi, kisha huyachoma ekzosi inapofika joto la takriban nyuzi 600. Injini haipati joto hilo kwenye foleni ya feri ya Likoni, wala kwa safari ya dakika kumi kutoka Tudor hadi Kongowea. Masizi yanajaa, gari linapoteza nguvu, mteja anakuja kwetu. Anayeishi na kufanya kazi kisiwani anaumia zaidi kuliko dereva wa safari ndefu. Kama mizunguko yako yote ni ya mjini, tutakushauri waziwazi ununue gari la petroli.

Chujio hili haliwezani na salfa iliyomo ndani ya dizeli. Hadi mwisho wa 2014 dizeli yetu iliruhusiwa kuwa na salfa sehemu 500 kwa milioni. Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilishuka hadi 50. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilicho jirani yetu, kilichoanza kazi miaka ya 60, kilikuwa kimeshasimama tangu 2013, na mitambo yake ya kizamani haikujengwa kwa mafuta safi namna hiyo. Sasa dizeli yote huja kwa meli ikiwa imeshasafishwa.

Kuitoa salfa kiwandani huiondolea dizeli sehemu ya ulaini wake wa asili, ndiyo maana huongezwa dawa ya kulainisha. Mtu akiichanganya na mafuta ya taa, ulaini unapungua na pampu ya presha inaanza kujikwaruza. Chembe za chuma husafiri hadi kwenye nozeli zinazonyunyizia injini mafuta, na hapo bili huwa kubwa kuliko ya chujio. Tukifungua pampu ya namna hiyo, mara nyingi mwenyewe hukumbuka alinunua dizeli ya madumu kando ya barabara.

Kuzuia uchanganyaji huo, mwaka 2018 serikali iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili yasiwe rahisi kuliko dizeli. Injini zenu zilipata kinga, lakini aliyeilipia ni pamoja na mama anayepikia stovu, ambaye hajawahi kumiliki hata pikipiki. Jambo hili linatuuma. Tunaunga mkono mafuta safi kwa moyo wote, na bado tunaona mzigo huo ungetafutiwa mabega mengine.

Sasa, kwa nini tusikate chujio na kuidanganya kompyuta ya gari? Gari litakimbia, kweli. Lakini masizi yaliyokuwa yakinaswa yatamwagika Mwembe Tayari, mbele ya wauza matunda na watoto wanaongojea matatu. Shirika la Afya Duniani, kupitia kitengo chake cha utafiti wa saratani, lilitamka 2012 kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani. Mafundi wetu huuvuta kila siku. Hatutamwongezea mtu mwingine.

Tunachofanya ni kusoma presha ya chujio kwa mashine, kuyachoma masizi yake likiwa gerejini, na likishindikana kulifungua na kuliosha. Kabla ya hapo tunakagua nozeli na turbo (inayosukuma hewa ndani ya injini), maana chujio linalojaa upesi huwa limeletewa masizi na kitu kingine. Oili nayo iwe ile ya majivu machache. Ni ghali zaidi, lakini majivu ya oili ya kawaida hayaungui, hubaki humo humo ndani ya chujio.

Taa ikiwaka mara ya kwanza, usingoje. Jaza dizeli ya kituo unachokiamini, pita Mtwapa uelekee Malindi, uende mwendo usiobadilika kwa dakika 20. Ikizimika, umeokoa pesa zako. Isipozimika, tuletee gari injini ikiwa bado moto, tusome presha hapo hapo.