Kwa Zuhura, kabla fundi hajaziba dari

Odense, Denmark, 9 Desemba

Shoga yangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, baridi tu ndiyo inatutafuna. Najua unanidai jibu tangu Idi, utanigombeza baadaye. Naandika mbio kwa sababu ya ile picha ya sebule uliyonitumia Jumapili. Kassimu ameshafika wapi na hiyo jipsamu? Nimehesabu zile taa ndogo za kuzama darini, nikafika kumi na sita nikaacha. Kumi na sita! Unataka kula wali au kumpasua mtu?

Nakuomba kitu kimoja tu. Juu ya meza ya chakula mwambie aache waya na kulabu, na kulabu aifunge kwenye mbao ya kenchi, siyo kwenye jipsamu. Nakutumia taa. Cheka sasa umalize.

Unamkumbuka yule bibi wa mlango wa pili? Ndiye aliyenigongea usiku ule wa kwanza. Huku mtu akihama anaondoka na taa zake, mimi nitajuaje? Nafungua mlango saa kumi jioni, jua limeshazama zamani, nabonyeza swichi, kimya. Kutazama darini, nyaya zinaning'inia kama mikia ya panya. Nikajua nimeshaibiwa. Bibi akaja na mishumaa minne na sahani ya biskuti.

Sasa wanawe wamempeleka nyumba ya wazee, chumba kimoja. Alikuwa na taa mbili za namna moja, ya jikoni na ya mezani, kaniachia zote. Moja yangu, moja yako.

Inaitwa PH5. Aliibuni Mdenmark mmoja, Poul Henningsen, mwaka 1958, na kampuni ya Louis Poulsen inaitengeneza mpaka leo. Hiyo 5 ni kwa ajili ya kile kifuniko chake kikubwa, upana wake sentimita 50. Ukiiona kwa mbali utasema mtu kapanga mabakuli na visahani vya bati akavigeuza. Najua utasema hivyo, hata mimi nilisema.

Jana niliishusha niisafishe. Mafuta ya jikoni ya miaka na miaka, Zuhura, yamegandamana kama masizi ya sufuria. Maji ya uvuguvugu, sabuni, kitambaa laini, na rangi nyeupe ikajitokeza, imeiva kidogo kama pembe. Ndani nikakuta sehemu imepakwa nyekundu na nyingine buluu. Nikadhani ni watoto wa bibi walichezea rangi! Kumbe ni Henningsen mwenyewe. Alisema jicho linashika sana manjano na kijani, nyekundu na buluu linazishika kwa shida, basi akaziongezea. Ninachokuambia mimi ni kwamba samaki chini ya taa hii ni samaki, hageuki kijivu kama chini ya zile tyubu laiti za bwenini.

Na balbu huioni. Kaa upande wowote wa meza, huioni. Nimelala chali sakafuni niichungulie, wanangu wananicheka, bado sikuiona. Mwanga unatoka umeshapigwa pigwa na vile visahani, unakufikia umepoa.

Yule bwana alikulia kwenye mwanga wa taa ya mafuta, umeme ulipokuja ukamchoma macho. Umesahau chemli ya bibi yako kule Pangani? Tulivyokuwa tunakunja gazeti tukaliegemeza kwenye kioo ili mwanga uangukie daftari, usitupige usoni? Gazeti likaungua, tukapigwa sisi. Basi ndiyo hiyo hiyo, shoga, ila yake ya alumini.

Mwambie Kassimu umeme wa huku na wa kwetu ni mmoja, volti 230. Ila waya wa ndani umezeeka, ngozi yake inapukutika kama maganda ya karanga. Auvue wote aweke mpya, na asinitolee ile “itafaa tu” yake. Balbu ni ya kuzungusha, siyo ya pini. Iteremke mpaka ibaki kama sentimita 60 kutoka mezani. Atasema watu watagonga vichwa. Watagongaje na meza iko chini yake?

Sikufichi, nilitaka kuziuza. Watu huku wanazitafuta. Picha nilishapiga. Halafu nikaenda kumwona bibi huko alikowekwa, juu ya kitanda chake pana duara moja jeupe limebandikwa darini, linawaka mchana kutwa, na yeye kajifunika macho kwa… basi, tuyaache. Nilirudi nikazifuta zile picha.

Kassimu anaziba lini, ni Jumamosi kweli? Meza umeshaipata kwa Rama au bado anakuzungusha? Ina urefu gani kutoka chini? Mama Shemsa anasafiri Januari na sanduku nusu tupu, nimpe, au ataikalia kama alivyoikalia birika yangu? Goti la mama linaendeleaje? Na sema kweli: hizo kumi na sita si ushauri wa Hadija?

Nipigie hata usiku wa manane. Kulabu tu, Zuhura, hata kama taa utaichukia.

Shoga yako,
Mwanaidi